HSM (programu ya mashine inayotunza bakapu): nimerudisha bakapu ya tarehe 12 lakini data bado mbovu, nirudi vipi nyuma zaidi?

mkonge_data (Jumamosi 15 Machi 2025, saa 3:10 asubuhi)

Habari za asubuhi wakuu. Naomba msaada kabla kazi ya usiku haijaanza.

Ofisi iko Tanga mjini, mashine ya z/OS (mainframe ya IBM) iko Uingereza, tunaingia kwa terminali ya 3270 kupitia intaneti. Faili ni KSDS (faili la rekodi zinazotafutwa kwa ufunguo), TNG.MKONGE.WAKULIMA, rekodi za baiti 200, ufunguo baiti 1 hadi 10, rekodi 41,286. Mchana CICS (mfumo wa makarani wa kufanyia kazi kwenye skrini) inalitumia. Saa nne usiku kazi ya bachi (inayojiendesha yenyewe bila mtu kwenye skrini) inaingiza namba mpya za akaunti za malipo za wakulima.

Jumatano tarehe 12 mchana kopibuku ya WKLMREC (maelezo ya mpangilio wa rekodi ambayo programu inayatumia) ilibadilishwa na programu ya usiku ikakompailiwa upya. Tangu usiku huo akaunti za baadhi ya wakulima wa Korogwe na Muheza zimevurugika. Imegundulika leo asubuhi. HLIST, amri ya kuorodhesha bakapu, inanionyesha haya (nimebakiza safu za maana tu):

```
HLIST DSNAME('TNG.MKONGE.WAKULIMA') BCDS TERMINAL

25/03/14  22:33   GEN 000   VER 018
25/03/13  22:32   GEN 001   VER 017
25/03/12  22:31   GEN 002   VER 016
25/03/11  22:34   GEN 003   VER 015
25/03/10  22:31   GEN 004   VER 014
```

Matoleo yanayotunzwa kwa faili hili mwisho ni 5. Nilitaka bakapu ya usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 12, yaani kabla ya balaa. Kwanza niliandika GENERATION(-2) kama tulivyozoea kwenye GDG (mafaili ya vizazi vyenye namba), ikakataa. Nikaandika VERSION(16) na NEWNAME (irudishwe kwa jina jipya), ikamaliza kwa ujumbe wa ARC1000I bila tatizo, lakini nikifungua ndani akaunti ni zile zile mbovu. HSM inadanganya tarehe au mimi ndiye sijui kusoma?

Na la pili: ile kopibuku yenyewe imo kwenye PDS (maktaba yenye memba wengi), TNG.MKONGE.COPY. Nataka memba mmoja tu wa zamani, si maktaba nzima.

---

fundi_tepu

Ndugu, HSM haijadanganya. Saa unayoiona hapo ni ya mashine, na mashine haiijui saa ya Tanga.

Uingereza bado hawajasogeza saa zao, kwa hiyo kati yetu na wao ni saa tatu. 22:34 ya tarehe 11 kwao, huku ni saa saba na dakika 34 usiku, na tarehe ni 12 tayari. Hiyo ndiyo bakapu ya usiku wa kuamkia Jumatano, nayo ni VER 015. VER 016 uliyoirudisha imechukuliwa saa saba na nusu usiku wa kuamkia Alhamisi, saa tatu na nusu baada ya kazi yako ya saa nne kupita na kuharibu. Tarehe 30 mwezi huu wakishasogeza saa mbele, tofauti itakuwa saa mbili, kama mashine yenu inafuata saa ya kule na si UTC. Mwombe opereta apige `D T`, itakuonyesha saa ya mashine na UTC pamoja.

Tarehe yenyewe isome mwaka/mwezi/siku. 25/03/11 ni tarehe 11 Machi 2025. Kuna watu wameisoma kuwa 25 Machi 2011 wakadhani wamepata hazina ya miaka 14. Ukikutana na jina la ndani la bakapu, lile la prefiksi ikifuatiwa na BACK, kumbuka pia kwamba saa imeandikwa kinyume: T073422 ni 22:34:07, sekunde ndizo zinazotangulia. Tarakimu nne za mwisho, 5070, ni mwaka unaoishia na 5, siku ya 70. Siku ya 70 ya mwaka huu ndiyo 11 Machi.

Sasa GENERATION. Kwenye GDG unahesabu kwenda chini: (0) ya sasa, (-1) ya kabla yake. HSM inahesabu kwenda juu: GENERATION(0) ni bakapu ya mwisho, GENERATION(1) iliyotangulia, na haijui kitu kinachoitwa hasi. Halafu namba za GENERATION zinahama kila bakapu mpya inapoingia. GEN 3 ya leo mchana, kesho asubuhi ni GEN 4. VER 015 itabaki 015 mpaka ifutwe. Kwa hiyo ukiandika JCL (maagizo ya kazi ya bachi) ambayo huenda ikasubiri foleni hadi usiku, tumia VERSION. GENERATION iache kwa amri unayoipiga na kuona jibu papo hapo.

Lakini hayo yote yanaweza kusubiri. La haraka ni hili: una matoleo mazima mawili tu, 014 na 015, na kikomo ni 5. Bakapu ya usiku wa leo ikiingia, 014 inasukumwa nje. Ya kesho usiku inaitoa 015. Sisi watu wa Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na matoleo ya HSM ndivyo yalivyo. Kwa hiyo fanya haya sasa hivi, kabla hata hujamaliza kusoma uzi huu:

```
//RUDISHA  EXEC PGM=IKJEFT01
//SYSTSPRT DD SYSOUT=*
//SYSTSIN  DD *
 HRECOVER 'TNG.MKONGE.WAKULIMA' VERSION(15) +
   NEWNAME('TNG.OKOA.WAKULIMA.V015') WAIT
 HRECOVER 'TNG.MKONGE.WAKULIMA' VERSION(14) +
   NEWNAME('TNG.OKOA.WAKULIMA.V014') WAIT
/*
```

Iwe bachi, usiipige kwenye skrini. Intaneti ikikatika katikati, kazi inaendelea kule kule na majibu utayakuta SYSTSPRT. Bakapu ikiwa kwenye tepu itasubiri tepu ipandishwe, usiogope ukimya wa dakika kumi. `HQUERY` itakuambia ombi lako limefikia wapi. Nafasi: rekodi 41,286 za baiti 200 kwenye CI (vipande vya faili) za baiti 4096 zinaingia rekodi 20 kila CI, kwa hiyo silinda 12 hivi za diski ya 3390, zaidi kidogo kama kuna nafasi huru iliyoachwa kwenye DEFINE (amri ya kuunda faili). Hazitakushinda.

Jina jipya lichague kwa akili. Maeneo mengi yana sheria za SMS (mfumo wa kusimamia diski na mafaili) zinazofuta majina yenye TEMP au mfano wake baada ya siku chache. Uliza kwenu ni majina gani. Utahitaji pia ruhusa ya RACF (mfumo wa usalama) ya ALTER kwenye jina hilo jipya.

Na vitu vitatu usivifanye kabisa mpaka V014 na V015 ziwe mkononi. Usipige HBACKDS "kwa usalama": hiyo inatengeneza toleo jipya la data mbovu na kuisukuma nje 014 mchana huu huu badala ya usiku. Ukitaka nakala ya faili lilivyo sasa, tumia REPRO (amri ya kunakili) kwenda jina lingine. Usipige HBDELETE kuondoa matoleo mabovu, kosa la tarakimu moja pale halina kurudi nyuma. Na usilifute faili bovu ukaliacha limefutwa. Faili likishatoka kwenye katalogi (orodha ya mafaili ya mfumo), HSM inalihesabu kuwa limefutwa, na idadi ya matoleo ya faili lililofutwa kwenye klasi ya usimamizi (kanuni za SMS za kutunza faili) ni namba nyingine, mara nyingi 1. EXPIREBV, amri ya kufagia matoleo yaliyopitwa, ikipita, mengine yote yanakwenda. Kufuta na kuDEFINE upya ndani ya kazi moja hakuna tatizo, tatizo ni pengo.

---

raskazone31

Nyongeza ndogo: mwambie pia mtu wa stoo ya data aongeze idadi ya matoleo kabla ya saa saba usiku. HSM inaangalia kikomo wakati inapochukua bakapu, kwa hiyo ikikuta 20 badala ya 5, haitoi kitu. Asibadilishe klasi nzima ambayo mafaili mia yanaitumia. Kama kuna klasi nyingine yenye matoleo mengi, IDCAMS (programu ya kushughulikia mafaili) inatosha: `ALTER TNG.MKONGE.WAKULIMA MANAGEMENTCLASS(jina)`. Faili ambalo haliko chini ya SMS ndilo linalotumia HALTERDS na VERSIONS. Kikomo cha kawaida ni matoleo 29, na BCDS (daftari la bakapu la HSM) ikiwa imetengenezwa kwa rekodi kubwa zaidi inafika 100.

Kuhusu kurudisha, mimi nisingezunguka sana. Funga faili kwenye CICS, `HRECOVER ... VERSION(15) REPLACE`, fungua, umemaliza. Dakika tano.

---

Bi_Katalogi

Raskazone, dakika tano zako zinafuta siku tatu za kazi. CICS imekuwa ikiandika kwenye faili hilo Jumatano, Alhamisi na Ijumaa: wakulima wapya, waliohama kijiji, na kadhalika. VER 015 haijui lolote kati ya hayo. REPLACE ni dawa ya faili lililoharibika lote. Hapa zimeharibika rekodi kadhaa, tena huenda ni sehemu tu ya kila rekodi.

mkonge_data, kabla ya kuchagua njia, weka hapa kopibuku mbili, ya sasa na ya zamani. Ya zamani utaipata hivi. HSM haijui memba, inajua PDS nzima. Kwa hiyo rudisha maktaba nzima kwa jina jipya kisha utoe memba mmoja kwa IEBCOPY, programu ya kunakili memba. Na usishtuke ukikuta matoleo ya PDS hiyo yanarudi nyuma hadi mwaka jana. Bakapu inachukuliwa pale faili linapokuwa limeguswa tu. Matoleo 5 si siku 5. Faili linaloandikwa kila usiku linamaliza matoleo yake ndani ya wiki, maktaba inayohaririwa mara moja kwa mwezi inakaa nayo miezi.

```
//TOA      EXEC PGM=IEBCOPY
//SYSPRINT DD SYSOUT=*
//ZAMANI   DD DSN=TNG.OKOA.COPY,DISP=SHR
//SASA     DD DSN=TNG.MKONGE.COPY,DISP=SHR
//SYSIN    DD *
 COPY OUTDD=SASA,INDD=ZAMANI
 SELECT MEMBER=((WKLMREC,WKLMZMN))
/*
```

Hapo memba wa zamani anaingia kwa jina la WKLMZMN na hagusi wa sasa. Walinganishe kwa SuperC, ISPF 3.13 inatosha. Ukisharidhika ndipo unakopi tena kwa `SELECT MEMBER=((WKLMREC,,R))`, ile R ndiyo inayoruhusu kuandika juu ya aliyepo.

---

mkonge_data

Asanteni sana. V015 na V014 zimeshuka salama, na tumeahidiwa matoleo 20 kuanzia usiku wa leo. Akaunti kwenye V015 zinaonekana nzima. Nimezikompea kopibuku, hii ndiyo tofauti:

```
ZAMANI                              SASA
05 M-UFUNGUO   PIC X(10).           05 M-UFUNGUO   PIC X(10).
05 M-JINA      PIC X(50).           05 M-JINA      PIC X(50).
                                    05 M-BENKI     PIC X(04).
05 M-AKAUNTI   PIC X(12).           05 M-AKAUNTI   PIC X(12).
05 M-KIJIJI    PIC X(04).           05 M-KIJIJI    PIC X(04).
05 M-MENGINE   PIC X(104).          05 M-MENGINE   PIC X(104).
05 FILLER      PIC X(20).           05 FILLER      PIC X(16).
```

Programu ya usiku inaandika M-AKAUNTI peke yake, halafu REWRITE. M-BENKI bado haijatumiwa popote. CICS haikukompailiwa, bado ina kopibuku ya zamani. Nashangaa mbona kazi haikuanguka hata mara moja.

---

Bi_Katalogi

Haikuanguka kwa sababu aliyeongeza M-BENKI alipunguza FILLER kwa baiti nne. Urefu umebaki 200. Kama angesahau FILLER, programu ingekuwa na rekodi ya 204, faili la 200, na OPEN ingerudisha status 39 (kosa la kutolingana) usiku ule ule wa Jumatano. Heri angesahau. Na kwa kuwa akaunti ni PIC X, hakuna hesabu inayofanyika juu yake, kwa hiyo hata S0C7 (kosa la kuhesabu kitu kisicho namba) haikutokea.

Sasa tazama kilichotokea ndani ya rekodi. Kwenye faili halisi akaunti iko 61 hadi 72 na kijiji 73 hadi 76. Programu mpya inaamini akaunti iko 65 hadi 76. Chukua mkulima wa Korogwe aliyekuwa hivi, kuanzia 61:

```
kabla:   015220047731KR07
baada:   0152015220091846
```

Baiti nne za kwanza ni mabaki ya akaunti ya zamani. Kumi na mbili zinazofuata ni akaunti mpya, nzima, sahihi, ila imekaa mahali pasipo pake na imekula KR07. Kwa maana hiyo una hasara mbili na wewe umeona moja: msimbo wa kijiji nao umekufa. Ungerudisha 61 hadi 72 tu kutoka V015, ungepata akaunti ya zamani na kijiji cha 1846.

Habari njema ni kwamba akaunti mpya haijapotea, imo 65 hadi 76 ya faili la leo. Kilichopotea kweli ni kijiji, nacho kimo V015 kwenye 73 hadi 76. Huhitaji kurudia kazi za usiku tatu. Shusha mafaili yote mawili kuwa bapa (rekodi mfululizo tu) kwa REPRO, LRECL 200, BLKSIZE 27800, `SPACE=(CYL,(12,3))`, kisha DFSORT, programu ya kupanga na kuunganisha rekodi. La leo lishushe CICS ikiwa imeshalifunga, kwa sababu chochote kitakachoandikwa kati ya kushusha na kurudisha kitafutika kwa rekodi hizo:

```
 JOINKEYS F1=NZIMA,FIELDS=(1,10,A),SORTED
 JOINKEYS F2=LEO,FIELDS=(1,10,A),SORTED
 JOIN UNPAIRED,F2
 REFORMAT FIELDS=(F2:1,200,F1:61,16,?)
 OPTION COPY
 OUTFIL FNAMES=MPYA,
   INCLUDE=(217,1,CH,EQ,C'B',AND,61,16,CH,NE,201,16,CH),
   BUILD=(1,60,65,12,213,4,77,124)
 OUTFIL FNAMES=WAGENI,
   INCLUDE=(217,1,CH,EQ,C'2'),
   BUILD=(1,200)
```

NZIMA ni V015 iliyoshushwa, LEO ni faili la sasa, MPYA ni rekodi zilizorekebishwa, WAGENI ni walioko faili la leo tu. Alama ya kuuliza inaweka B kwenye baiti ya 217 kwa mkulima aliyeko pande zote, na 2 kwa aliyeko faili la leo tu. SORTED inakubalika kwa kuwa REPRO inaitoa KSDS kwa mpangilio wa ufunguo. BUILD inajenga rekodi upya: 60 za mwanzo, akaunti kutoka 65, kijiji kutoka V015 ambacho hapa kimekaa 213, kisha 124 za mwisho. Jumla 200.

---

fundi_tepu

Dada, BUILD yako ni safi, lakini INCLUDE inanitia wasiwasi. Unachukua kila rekodi iliyotofautiana kwenye 61 hadi 76. Vipi mkulima ambaye Alhamisi mchana karani amembadilishia kijiji kupitia CICS? CICS ina kopibuku ya zamani, imeandika mahali sahihi. Rekodi yake inatofautiana na V015 lakini haijaharibika. Kanuni yako itamsogezea akaunti baiti nne kushoto na kumrudisha kijiji alichohama. Utakuwa umeharibu aliyekuwa mzima.

Kama misimbo ya vijiji yote inaanza na herufi mbili na akaunti zote ni tarakimu 12 kamili, kipimo kipo kwenye rekodi yenyewe: iliyosukumwa itakuwa na tarakimu tupu 73 hadi 76.

```
   INCLUDE=(217,1,CH,EQ,C'B',AND,73,4,FS,EQ,NUM),
```

mkonge_data, hakikisha hizo "kama" mbili kwanza. Akaunti fupi iliyojazwa nafasi tupu mwishoni haitapita NUM, itabaki imeharibika na hutaiona.

---

Bi_Katalogi

Umenishika, kaka. Kweli kabisa. Tumia ya fundi_tepu, na kwa usalama ongeza OUTFIL ya tatu itoe zilizotofautiana lakini zisizo na tarakimu tupu, mzipitie kwa macho:

```
 OUTFIL FNAMES=KAGUA,
   INCLUDE=(217,1,CH,EQ,C'B',AND,61,16,CH,NE,201,16,CH,
            AND,73,4,FS,NE,NUM),
   BUILD=(1,200)
```

Kuna mwingine wa kukamatwa hapo: aliyehama kijiji mchana kisha akapigwa na bachi usiku. Huyo ataingia MPYA, akaunti yake itakuwa sahihi lakini kijiji kitakuwa kile cha zamani. Hakuna bakapu itakayokusaidia kwa huyo kama mabadiliko na uharibifu vilitokea kati ya bakapu mbili. Chukua fomu za kuhama za tarehe 12 hadi 14 na mzilinganishe na orodha ya MPYA kwa mkono.

Kurudisha usifute kitu. REPRO yenye REPLACE inaandika juu ya rekodi zenye ufunguo uleule na kuziacha nyingine zilivyo:

```
 REPRO INFILE(MPYA) OUTFILE(MASTA) REPLACE
```

Faili liwe bado limefungwa CICS tangu uliposhusha: `CEMT SET FILE(WAKULIMA) CLOSED`, usubiri uone CLOSED na UNENABLED. Ukilisahau wazi, IDCAMS itakupa IDC3351I na namba 168. Baada ya REPRO soma IDC0005I: idadi ya rekodi lazima ilingane na MPYA kwenye ripoti ya DFSORT, isizidi wala isipungue hata moja. Kisha `OPEN ENABLED`.

Na kopibuku irudishwe na programu ya usiku ikompailiwe KABLA ya saa nne. La sivyo usiku wa leo inawaharibu upya na kesho mnaanza moja.

---

mkonge_data (Jumamosi, saa 11:40 jioni)

Tumekagua: misimbo yote inaanza na herufi mbili (KR, MH, PN na kadhalika), akaunti zote tarakimu 12, zenye upungufu zimejazwa sifuri mbele. Tulifunga faili saa tisa alasiri, tukashusha, tukapiga.

V015 rekodi 41,263, ya leo 41,286. MPYA 1,914. KAGUA 37, zote ni kuhama kijiji kwa kawaida, hatukuzigusa. WAGENI 23. REPRO imeandika 1,914. Kati ya hizo 1,914 tumepata wawili waliohama na kupigwa siku hiyo hiyo, tumewarekebisha kwa CICS. Kopibuku imerudi, programu imekompailiwa na kulinkiwa.

Swali la mwisho: hao WAGENI 23 hawana toleo la nyuma. Watatu kati yao wana tarakimu kwenye 73 hadi 76. Akaunti naisogeza, kijiji nakitoa wapi?

---

fundi_tepu

Hao watatu walisajiliwa mchana na kupigwa usiku. Angalia VER 016 na 017 usije ukakata tamaa mapema. Aliyesajiliwa Alhamisi lakini akaunti yake ikaletwa na bachi ya Ijumaa, kwenye 017 bado ni mzima, kwa sababu 017 ilichukuliwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Toleo lililo bovu kwa mkulima mmoja linaweza kuwa zima kwa mwingine, ndiyo sababu nilikukataza HBDELETE. VERSION(16) unayo tayari tangu asubuhi. Shusha 017 kwa NEWNAME, tafuta funguo hizo tatu kwa `PRINT ... FROMKEY(...) COUNT(1) CHARACTER`. Asiyepatikana huko, fomu yake ya usajili.

Ukishamaliza wote, faili likiwa limefungwa, sasa ndiyo piga `HBACKDS 'TNG.MKONGE.WAKULIMA' RETAINDAYS(90)`. Toleo hilo litabaki siku 90 hata likisukumwa nje ya yale 20.

---

raskazone31

Na kwa ile PDS ya kopibuku, ikiwa mko z/OS 2.1 au zaidi, itengenezeni upya kama PDSE (PDS ya aina mpya) ya toleo la pili: `DSNTYPE=(LIBRARY,2),MAXGENS=10`. Kila memba anatunza vizazi vyake mwenyewe kila anaposeviwa, hamtamsumbua HSM kwa memba mmoja. Mpangie tu kazi hiyo wiki ya utulivu, si leo.

---

mkonge_data

Wawili wamepatikana kwenye 017, mmoja fomu yake iko Muheza, tutaipata Jumatatu. HBACKDS imepita, HLIST inaonyesha VER 019, na 014 bado ipo.